Upande wa Wazima

"Baba yako tumuandike upande gani?"

Aliyeniuliza alikuwa katibu wa parokia yetu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mbele yake lilikuwa daftari la nia za misa, yaani majina ya watu wanaoombewa. Kila ukurasa alikuwa ameugawa katikati kwa mstari wa rula. Kushoto aliandika WAZIMA, kulia MAREHEMU. Ilikuwa Jumamosi, siku moja kabla ya Dominika ya Matawi, na nje watoto walikuwa wakichapana kwa matawi ya kesho. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza chuo kikuu, na nilizoea kuwa na jibu. Siku ile sikuwa nalo.

Baba alikuwa ameondoka Bunia Alhamisi iliyofuata Jumatano ya Majivu, kwenda kupanda maharagwe kwenye shamba letu upande wa Djugu. Sisi tulikuwa tumekimbia kutoka huko miaka miwili kabla, lakini shamba lilibaki, na kila msimu alirudi siku chache kimya kimya, akapanda au akavuna, akaja. Alitoka nyumbani majivu yakiwa bado yanaonekana kidogo kwenye paji la uso wake. Siku nne baadaye watu wenye silaha walipita katika vijiji vya kule. Tangu hapo simu yake haikuita tena.

"Mutoto, nimekuuliza," alisema katibu. "Muzima ama marehemu? Katikati hapana nafasi."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, samaki wa sadaka mkononi, amefungwa ndani ya jani.

"Wazima," alisema. "Andika: Mungu amurudishe."

Katibu akaandika. Kesho yake tuliinua matawi, na jina la baba likasomwa pamoja na wagonjwa, wasafiri na wanafunzi wa mitihani.

Tangu wiki hiyo kazi ya kupeleka nia ikawa yangu, kila Jumamosi. Mama aliacha shule darasa la pili. Aliweza kusoma kitabu cha sala kwa kupitisha kidole chini ya kila neno, lakini mwandiko wa mkono ulimshinda. Nilikwenda, nikasema maneno yale yale, katibu akaandika upande wa kushoto bila kuinua kichwa. Nilijisikia kama mtu anayepeleka barua kwenye anwani isiyokuwepo.

Mama aliishi kwa saa za kanisa. Kengele ya asubuhi ilimkuta tayari amefunga kitenge. Baada ya misa alikwenda sokoni, alikouza samaki wa chumvi wa kutoka Kasenyi, na saa tisa mchana alifunika beseni kwa plastiki, akatoa rozari yake ya shanga nyeupe na kusali ile ya Huruma ya Mungu mpaka mwisho. Wateja walingoja. Wengine walikasirika.

"Mama ya samaki, Yesu hana njaa! Ni miye iko na njaa!" alipiga kelele siku moja dereva wa pikipiki.

Mama alimwinulia kidole kimoja: ngoja. Alipomaliza alisema, "Kama ungesali na siye, ungeona dakika ni fupi. Unataka mukubwa ama mudogo?"

"Nataka ule ulioombewa."

Soko lote likacheka, na yeye pia. Jioni tulisali rozari nyumbani, mimi na wadogo zangu wawili tukiwa tumepiga magoti kwenye saruji, chini ya kalenda yenye picha ya Yesu anayetoa miali miwili kifuani.

Jumatano peke yake hakuwepo kwenye misa yetu. Alisema anaamkia barabara ya Kasenyi kungoja gari la samaki kabla wachuuzi wengine hawajalimaliza. Mara nyingi alirudi saa nne, viatu vyeupe kwa vumbi, beseni tupu. "Samaki ilikosa," alisema.

Na kuna jambo moja nililiona mapema, nikaliacha. Tangu Kwaresima ile mama aliacha kukomunika, kupokea ekaristi. Mwanamke aliyekuwa kanisani karibu kila siku alibaki kwenye benchi wakati wengine wanasimama kwenda altareni. Aliweka miguu pembeni ili watu wapite, akainamisha kichwa. Katika Bunia jambo kama hilo halipiti bila watu kulihesabu. Mke asiye na habari za mumewe, na hakomuniki: wanawake wa shirika, ile jumuiya ndogo ya mtaa wetu, walijua maana yake.

"Mama, utuambie tu," mmoja alimwambia sokoni mbele yangu. "Bwana mupya anatoka wapi?"

"Anatoka kwenye magoti yangu," mama alijibu. "Anauma sana. Ananishika kwenye benchi."

Mimi nilidhani ni nadhiri. Nilidhani amemwambia Mungu: sitapokea mpaka umrudishe. Niliona ni aina ya mgomo, na kwa mara ya kwanza nilimheshimu kidogo katika mambo ya dini.

Maana mimi nilikuwa nimeanza kuacha. Chuoni tulikuwa na kozi ya namna ya kufanya utafiti, na mwalimu wetu alirudia kwamba dai lisilo na ushahidi halina haki ya kukaa kichwani mwako bila kulipa kodi. Niliyatumia maneno hayo nyumbani kila mahali. Nilimuuliza mama huruma ya Mungu ilikuwa wapi siku watu wenye silaha walipopita shambani.

"Ilikuwa pale pale," alisema.

"Nani aliiona?"

"Weye unataka Mungu akutumie karatasi yenye muhuri?"

"Ndiyo."

Alicheka kidogo, halafu uso wake ukafungika. "Huruma si ya watu wenye haki," alisema. "Mwenye haki ataiomba ya nini?" Niliona ni jibu la katekisimu. Niliandika tu kichwani kwamba hakujibu swali.

Miaka miwili na zaidi ilipita hivyo. Mwaka wa mwisho wa chuo, Novemba ilipoingia, parokia iliweka sanduku karibu na altare kama kila mwaka, ili kila nyumba itie karatasi ya majina ya wafu wake. Mama alinipa majina: baba yake, mama yake, wakwe zake wawili, na dada yangu aliyekufa kwa surua kabla sijazaliwa. Niliyaandika moja chini ya lingine. Karatasi ilikuwa bado na nafasi. Nikaandika jina la baba.

Nimejaribu mara nyingi kusema nilifanya hivyo kwa ajili ya ukweli. Ni nusu. Nilikuwa nimechoka na Jumamosi. Nilichoka na wadogo zangu kuinuka kila mbwa alipobweka jioni. Nilitaka mtu fulani, hata kama ni mimi, aweke nukta. Nilikunja karatasi, mama akaibeba mwenyewe na kuitia sandukuni.

Siku ya Marehemu kanisa lilijaa mpaka nje. Msomaji alisoma nyumba moja moja, na baada ya kila nyumba watu waliwaombea wafu wake pumziko la milele. Alipofika kwetu nilikaza macho kwenye midomo ya mama. Babu. Bibi. Wakwe. Dada. Kisha jina la baba, jina kamili, likapita juu ya vichwa vyetu kama jina lolote.

Mama hakushtuka. Aliitika pamoja na wengine, kwa sauti yake ya kila siku, bila kuchelewa hata kidogo. Nilifikiri hakusikia.

Lakini shirika lilisikia. Kabla ya adhuhuri walifika uani: wanawake saba na mikeka, mmoja na sufuria kubwa kichwani, mwingine na mzigo wa kuni. Walianza kulia tangu kwenye uzio. Kwao jambo lilikuwa wazi. Jina limesomwa kati ya wafu, basi maiti imepatikana, au habari imekuja. Wadogo zangu walisimama mlangoni wakiniangalia.

Baada yao akaja baba mkubwa, kaka wa baba. Naye alikuwa amekimbia kutoka Djugu, na aliishi na watu kumi chini ya hema katika kambi ya waliohama makwao. Aliketi chini, akalia kweli, kichwa kati ya magoti. Kisha akajifuta uso.

"Shemeji," alisema, "ungenitumia habari. Kusikia kanisani si vizuri."

Mama alimsogezea mkeka.

"Basi, kama ndugu yangu amekufa, tuseme mambo mbele ya watu. Kiwanja hiki tulikitafuta naye. Miye nitakuja hapa na watu wangu. Wavulana watakuwa watoto wangu. Huyu binti amesoma ya kutosha, atapata bwana. Weye, kama unataka kubaki kwetu, utabaki. Kama unataka kurudi kwa ndugu zako, hatutakufunga."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo mambo yanavyofanywa, na watu wake walikuwa wakinyeshewa. Wanawake wa shirika walitikisa vichwa kukubali. Nilikuwa nimebakiza miezi minane kumaliza masomo, na nilielewa, nikiwa nimeshika bilauri ya maji niliyotaka kumpa, kwamba kwa mstari mmoja wa kalamu nilikuwa nimegawa nyumba yetu.

Mama akasimama.

"Hapa hapana kilio," alisema. "Bwana yangu ni muzima. Karatasi ilikosewa."

"Jina lilisomwa, shemeji."

"Lilisomwa kwa makosa. Uende kwa katibu, umuombe daftari lake. Kila Dominika yuko kati ya wazima, tangu Matawi ya mwaka ule. Nani amemuona amekufa? Weye umemuona?"

Baba mkubwa aliangalia mikono yake. "Hapana."

"Basi. Siku akirudi mutagawana naye." Akawageukia wanawake. "Kuni zimeshafika, hatuwezi kuzirudisha. Tupike. Kisha tusali kwa ajili ya kila mutu ambaye hajarudi."

Tukapika. Tukasali. Baba mkubwa aliondoka na bakuli la chakula cha watoto wake, na hakuzungumza tena habari za kiwanja. Mikeka ilikunjwa kabla ya jioni.

Tulipobaki wenyewe, mama alikuwa anaosha sufuria, mgongo kwangu.

"Ni weye uliandika?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo ukweli, mama. Unajua vile vile kama mimi."

"Umeona maiti yake?"

"Hapana. Na weye umeona anapumua?"

Aliendelea kusugua sehemu ile ile, iliyokuwa safi tayari. Nilingoja anipige, nilitamani anipige.

"Jumamosi uende," alisema mwishowe. "Umuandikishe tena. Kushoto. Utaenda kila Jumamosi mpaka umalize masomo yako. Baadaye utafanya unavyotaka."

Nilikwenda. Katibu alinitazama juu ya miwani. "Ah. Leo amefufuka?" Aliona uso wangu, akaacha kucheka, akaandika.

Nilimaliza masomo. Sikurudi kwenye imani, na sitadanganya hapa kwamba nilirudi. Nilimwona mama tu kama mtu ambaye ukaidi wake, kwa bahati, uliokoa nyumba. Baada ya siku ya kutoa diploma aliniambia ninaweza kuacha kupeleka nia ya Jumamosi, nami nikaacha bila kuuliza. Nilifurahi, nikasema hatimaye amechoka.

Nilipata kazi ya kuandika masimulizi ya watu waliohama makwao. Mwaka jana kazi ilinipeleka upande wa pili wa mji, kwenye njia ya kwenda Marabo, mahali ambapo sikuwa na sababu ya kwenda. Mvua ilinikamata, nikaingia kujificha katika ofisi ya parokia ya pale. Katekista, mama mnene mwenye sauti nyepesi, alinipa kiti na kuniuliza jina langu la ukoo. Nikamwambia.

"Kumbe! Weye ni mutoto wa mama ya samaki? Ule wa Jumatano?"

Nilisema huenda ni mwingine. Mama yangu Jumatano huenda barabara ya Kasenyi.

"Iko na rozari ya shanga nyeupe," alisema. "Iko na alama hapa," na akagusa kidevu chake mahali kovu la mama lilipo. "Anakuja kwa miguu. Hajakosa hata Jumatano moja. Anamuombea bwana yake."

"Arudi?"

Alinishangaa. "Apumzike."

Mvua ilipiga mabati, ikabidi nirudie swali langu la pili kwa sauti kubwa: je, hapa anakomunika?

"Kwa nini asikomunike?" alisema katekista. "Ni mukristu safi. Anakomunika wa kwanza."

Nilimwomba anionyeshe daftari. Akaniletea la sasa, halafu, kwa kuwa niliendelea kuomba, akatoa kabatini madaftari ya zamani yaliyoliwa na mende. Nilirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Jina la baba lilikuwa kila wiki, upande wa kulia. Niliendelea mpaka mahali lilipoanza. Pale hapakuwa na jina peke yake, kwa sababu mara ya kwanza katekista aliandika kila kitu alichoambiwa: kwa pumziko la fulani, aliyezikwa na majirani shambani kwake, ameomba mke wake.

Juu ya ukurasa, kwa kalamu nyekundu, siku ilikuwa imeandikwa: Jumatano kabla ya Dominika ya Matawi. Ni siku tatu kabla katibu wetu hajaniuliza tumwandike upande gani.