Vibao Viwili vya Picha

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha uchapaji pale Shinyanga nilipewa aproni, kitambaa na kopo la mafuta ya taa. Nilidhani nitachapa vitabu. Kwa miezi kadhaa niliosha herufi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa kijana mwenye kiburi cha kumaliza shule.

Tulikuwa watu watano, na tulichapa vitabu vya mifugo tu. Herufi zilikuwa za risasi. Ulizipanga moja moja kwa mkono, zikiwa zimegeuka kama zionekanavyo kwenye kioo. Zilitosha kurasa nane. Ukishachapa hizo, unazitawanya, yaani unarudisha kila herufi kwenye kijumba chake, ndipo uanze nane nyingine. Kosa likionekana baadaye, unapanga yote upya. Picha zilichongwa kwenye vibao vya mti mgumu.

"Elias," msimamizi wetu alipenda kuniambia, "mchapaji hana haraka. Mwenye haraka akauze samaki."

Kitabu ninachokikumbuka kuliko vyote kilikuwa cha Mzee Masanja, mfugaji wa Samuye. Hakujua kusoma, lakini kwa magonjwa ya ng'ombe watu walimfuata kutoka mbali. Msimamizi alikaa naye majuma mengi akiandika anayosema. Mzee alitaka jambo moja tu.

"Wekeni picha. Wenzangu wengi hawasomi. Wataangalia majani."

Vibao viwili vilifanana sana: kimoja cha mmea unaotibu tumbo lililovimba, kingine cha mmea wa sumu. Niliviandika namba nyuma kwa chaki. Nilipoviosha, mafuta ya taa yakazifuta. Kuuliza niliona aibu, na mimi ni mtoto wa mwenye duka Kagongwa. Ng'ombe nilimjua akiwa mchuzini. Nikakisia.

Prufu, ile karatasi ya majaribio, tuliisoma watu watatu. Maneno yote yalikuwa sawa. Mzee hatukumwonyesha, eti kwa kuwa hasomi.

Alikuja vitabu vilipokwisha kushonwa. Mama Kulwa, mkuu wa washonaji, alimwamkia, akampa nakala kwa mikono miwili. Mzee akafunua taratibu, akasimama kwenye ukurasa mmoja.

"Huu mmea unaua," alisema. "Mbona mmeuweka penye dawa?"

Mama Kulwa akashika kifua. Nakala moja alikwisha kumpelekea kaka yake, mwalimu wa Didia. Msimamizi akanisukumia baiskeli niifuate.

Nilichelewa. Mwalimu alikuwa amemwazima kitabu jirani yake, mama mjane, na ng'ombe pekee wa mama yule alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa. Hakunifokea. Aliweka kidole juu ya picha.

"Nilitafuta majani haya haya. Nimekosea wapi, baba?"

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi.

Kesho yake Mzee Masanja alitoka Samuye kwa miguu, akiswaga mtamba wake mwenyewe hadi kwa mjane. Nilimkuta njiani nikamwambia kosa ni langu, yeye hana deni.

"Juu ya kitabu pana jina la nani?" akaniuliza.

"Lako, mzee."

"Basi." Akamchapa mtamba kidogo mgongoni, wakaendelea.

Tulifumua vitabu vyote, tukapanga zile kurasa nane upya. Safari hii Mzee aliketi kando ya mashine na kugusa kila picha kabla wino haujapakwa.

Baadaye nilihamia Geita, kuchapa matangazo ya usalama ya mgodi. Kila picha ya hatari niliwapelekea kwanza wachimbaji. Meneja alikasirika. "Unawauliza hawa habari za uchapaji?"

"Hapana, bwana. Nawauliza habari za shimo."

Huko ndiko nilikostaafia. Vijana wa leo mna mitambo ambayo haidai mafuta ya taa, na nawapongeza. Mimi nilipanga kurasa nisizoweza kuzihesabu, na katika zote hamna jina langu, maana jina la mpangaji herufi halikuandikwa. Kwa miaka mingi jambo hilo lilinifaa sana. Mzee Masanja alifariki watu wengine wa Didia wakiamini kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Aliyebadilisha vile vibao ni mimi, Elias Maganga wa Kagongwa.