Kipengele Alichokitoa Daisy

Ukiuliza pale Voi ni nani anaweza kukuandikia agrimenti ya kuuziana shamba bila kukuzungusha, utaambiwa enda kwa Daisy. Ako na cyber nyuma ya soko, mlango wa kijani. Zamani alikuwa anachapa barua kwa ofisi ya wakili. Wakili akahamia Mombasa, Daisy akabaki na ujuzi wake na kompyuta moja nzee. Watu wa milimani wakaanza kushuka kwake na maneno yao, wa Werugha, wa Ronge, mpaka wengine wanatoka Mata huko karibu na boda ya nchi. Anawaandikia, wanaweka sahihi mbele ya mashahidi, wanaenda.

Wakati huo alikuwa anaandika pole pole. Muuzaji anakaa, mnunuzi anakaa, Daisy anauliza. Jina, kitambulisho, shamba iko wapi, imepakana na nani. Halafu mwisho kabisa anauliza, "Kuna maneno mengine?" Na hapo ndipo kazi ilikuwa inaanza, maana Mtaita haachi shamba hivi hivi. Kuna avocado ya shangazi. Kuna kanjia ka kuteremka kwa maji. Kuna kaburi ya babu, lazima watu waingie kuifyekea kila Disemba. Mzee mmoja alitaka iandikwe kwamba ng'ombe ya ndugu yake iendelee kupita hapo, lakini ndugu mwenyewe asikanyage. Daisy alicheka mpaka machozi, lakini aliandika. Yote ilikuwa inaingia kwa kipengele cha mwisho, na hicho kipengele saa zingine kilikuwa kirefu kuliko agrimenti yenyewe.

Halafu ikaja hii AI. Daisy si mtu wa kukaa. Akatoa makopi ya agrimenti zake za zamani, akazipiga picha moja moja, akaiambia AI: angalia ni nini inafanana kwa hizi zote, unitengenezee moja yenye mapengo, mtu akijibu maswali kwa simu inajijaza yenyewe. Na ikafanya, we! Unabonyeza majina, unabonyeza namba ya shamba, chai yako haijapoa na karatasi imetoka kwa printa ikiwa moto. Watu wakamsifu. Wengine walikuwa wanaambia watoto wao, "Muone Daisy, msome kompyuta."

Lakini kile kipengele cha mwisho kiliishinda. Ikamwandikia kwa skrini kwamba maneno ya hapa hayafanani, kila karatasi ina yake. Ikauliza: niache pengo wazi, ama nitoe? Hiyo siku laini ya watu ilikuwa imefika nje kwa jua. Daisy alijua pengo wazi ni stori, na stori ndiyo inafanya laini isisonge. Akaandika: toa.

Sasa kuna jamaa wa Werugha anaitwa Bonface. Alikuwa na mtoto mgonjwa, akaamua kuuzia jirani yake, Mzee Obadiah, shamba. Wakashuka Voi na mamake Bonface, Nyanya Tryphena, sababu nyanya ndiye alikuwa anaishi kwa hiyo shamba, kwa kanyumba ka jikoni hapo pembeni.

"Mama atakaa pale pale mpaka Mungu amuite," Mzee Obadiah akasema. "Nimfukuze niende nikiambia watu nini?"

"Wewe hata jogoo yangu unaikimbia," nyanya akamjibu. "Ndio utaweza kunifukuza?"

Cyber yote ikacheka. Daisy pia akacheka, huku vidole viko kwa simu, anajaza. Karatasi ikatoka. Bonface akaishika, akauliza, "Na ile ya mama?"

"Si mmeskizana?" Daisy akasema.

"Tumeskizana."

"Basi."

Wakaweka sahihi. Mle ndani kulikuwa na mstari unasema shamba itakabidhiwa ikiwa tupu, bila mtu yeyote kubaki. Huo mstari ulianzia kwa agrimenti za ploti za Voi mjini, ambapo kunauzwa mchanga na miiba tu, ukazoeleka kwa zote. Hakuna mtu aliusoma siku hiyo. Hata Daisy.

Mzee Obadiah akafariki mwaka uliofuata. Kijana wake Sylus akarudi kutoka Nairobi kujenga. Yeye si mtu mbaya, ukikutana naye utampenda. Alichukua karatasi ya baba yake, akaisoma kama mtu aliyesoma, akaenda kwa nyanya akamwambia kwa heshima kwamba maharagwe ikivunwa, itabidi atafute mahali.

Bonface alishuka Voi hata hajanyoa ndevu.

"Dada Daisy, niambie iko wapi ile ya mama. Nimegeuza karatasi mbele na nyuma."

Daisy akasoma. Akafika kwa ule mstari, akaurudia na kidole.

"Ama kompyuta iliruka?" Bonface akauliza.

"Labda," akasema Daisy.

Hiyo "labda" ndiyo ilimmaliza. Kukosea ni kitu ya kila mtu. Lakini kumwangalia mtu kwa macho na kusukumia lawama kitu kisicho na mdomo? Akawa anahudumia watu vibaya. Mtu akiulizia kopi anatoa mbili, akiulizia mbili anatoa moja. Akiona mama mzee amesimama mlangoni anashtuka.

Sub-chifu akaita kikao Werugha. Daisy akapanda. Ukungu ilikuwa imeshuka mpaka kwa mabati ya ofisi. Nyanya Tryphena alikuwa amekaa mbele na viatu vya gumbuti na leso mbili.

"Mimi nafuata karatasi," Sylus akasema. "Baba hakuniambia lolote, na siwezi muuliza."

Sub-chifu alikuwa anataka amani. "Tusilaumiane. Hizi mashine ndizo zinatuharibia. Kompyuta imekosea, basi."

Watu wakaitikia, ndio, ni mashine, ni mashine. Ilikuwa rahisi sana. Daisy angekaa tu pale, akunywe chai ya watu, ateremke.

Akasimama. "Si mashine. Iliniuliza kama iache nafasi ya maneno yenu. Ni mimi nikasema itoe, sababu laini ilikuwa ndefu. Na Mzee Obadiah alisema mama akae mpaka Mungu amuite. Nilimsikia, nikacheka, na sikuandika."

Halafu mama mmoja wa nyuma akasema, "Ngoja kwanza. Si hata yangu ni wewe uliandika?"

"Na ya kwetu, ya ile njia ya maji!" mwingine akadakia.

"Zileteni," Daisy akasema. "Zote zileteni."

Sylus akajipangusa uso. "Kama baba alisema, mimi ni nani? Nyanya akae. Mimi nimekubali."

Watu wakapiga makofi, Bonface akashusha pumzi. Lakini nyanya akainua mkono.

"Kijana wangu, asante. Lakini na baba yako tulikuwa tumepatana. Kukaa ilikuwa yangu. Sasa hii ni ruhusa unanipatia. Ukioa, bibi yako aseme nyanya ananuka moshi, nitafanyaje?"

"Siwezi kukufukuza, nyanya."

"Leo huwezi."

"Mama, iandikwe basi," Bonface akamwomba. "Daisy si huyu hapa?"

Nyanya akamwangalia Daisy, hata bila hasira. "Huyu nilikaa mbele yake nikiongea, akacheka na mimi vizuri. Akiandika leo atakuwa anaandika huruma. Mimi nitaenda kwa Ann."

Ann ni binti yake, anaishi Mwakingali, mtaa wa pale Voi. Nyanya alihamia huko na jogoo yake kabla hata maharagwe ikauke.

Daisy alirudisha lile pengo, na laini ikarudi mpaka nje. Wengine wamehamia cyber zingine. Karatasi alizochapa bila hilo pengo bado zinakuja, anaita wenyewe, anawauliza tena kila kitu, na wengine wanamtukana kwanza ndio wajibu. Lakini kwa nyanya ndio hajui afanye nini. Kila jioni akifunga anapitia Mwakingali na kitu mkononi. Jana alikuwa na sukuma wiki ya Werugha.

"Daisy," nyanya akamwambia, amekaa kwa mlango akijipepea na kifuniko ya sufuria, "hii mboga ni ya mimi kukula, ama ni ya wewe kulala vizuri?"

Daisy akamnyoshea tu ile sukuma.

"Weka hapo. Na kesho usikuje. Joto ya huku inanitosha, sitaki tena kubeba yako."

Leo akifunga, aliteremka mpaka kwa kona ya kina Ann, akasimama hapo. Nyanya alikuwa mlangoni, amemwona. Hakumwita, na hakugeuza uso. Daisy akabaki amesimama hapo barabarani, mikono mitupu.