Uso wa Ndambiri Juu ya Keki

Karwirwa alikuwa mtu wa kuota mchana. Ungempata amesimama mlangoni pa chumba chake pale Makutano, unga hadi kwenye kope, akiutazama mlima kana kwamba kuna mtu huko juu amemwahidi kitu, na nyuma yake keki inaungua. Mimi nilikuwa fundi wa cherehani, jirani yake, ukuta mmoja wa mabati kati yetu. Nikisikia harufu ya moshi nilikuwa napiga kelele, "We Karwirwa, rudi duniani!" Alishtuka, akacheka, akaenda kupunguza makaa. Oveni hakuwa nayo. Alikuwa na sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na keki zilizotoka humo zilikuwa laini mpaka nikamwonea wivu.

Mwaka wa tisini na sita, Wambeti aliingia kwake na leso iliyofungwa fundo. Wambeti alikuwa mama wa Ishiara, kule chini kwenye joto la Embu, na sote tulimjua kwa sababu alituletea ndengu sokoni. Ndani ya leso mlikuwa na kitambulisho cha marehemu mumewe, Ndambiri. Malaria ilimchukua Ndambiri wakati binti yao Kagure akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na ile picha ndogo ya kitambulisho ndiyo pekee iliyobaki. Sasa Kagure alikuwa anaolewa mwezi wa nane.

"Huyu msichana amekataa ile mambo ya kulisha wazazi keki," Wambeti alisema. "Anasema kiti ya babake itakuwa empty na watu wote wanaiangalia. Sasa mimi nataka umuweke juu ya keki. Akuwe hapo na sisi."

"Nimuweke aje, mama?" Karwirwa aliuliza.

"Wewe ndio fundi."

Mimi, niliyekuwa nimeshaingia nyuma ya huyo mama, nilicheka. Nilidhani huyu mama amechanganyikiwa na jua la kwao. Tena niliuliza, kwa huu mdomo wangu usio na mlango, ni nani atakayethubutu kumtia kisu marehemu usoni mbele ya wakwe. Karwirwa hata hakutusikia. Alikuwa ameinamia ile picha yenye uso mkali wa mtu aliyeambiwa asicheke, na nikajua amekwisha kwenda kwenye ndoto zake.

Studio ya pale juu iliipanua picha ikawa kubwa kama sahani. Hiyo ilikuwa kazi ndogo. Kazi ilikuwa kutafuta karatasi ambayo mtu anaweza kuila. Alijaribu kuchora juu ya sukari ya aising, ikapasuka. Karatasi ya kuokea haitafuniki. Siku nzima alisimama mlangoni akiota, wateja wanampita, na jioni akaja kwangu macho yanang'aa.

"Hostia," alisema.

Karwirwa alikuwa Mmethodisti wa kuzaliwa, na mama yake angesikia hayo angezimia. Lakini alikwenda kwa watawa walioziokea parokia zile hostia, mkate mwembamba wa komunyo, nami nikamfuata, maana umbea pia ni kazi. Sista aliyetufungulia alimsikiliza hadi mwisho, mikono ndani ya aproni.

"Kabla ya Misa ni unga na maji tu," akasema. Akatuletea kurasa kubwa ambazo hazijakatwa miduara, nyeupe, zinapitisha mwanga. Karwirwa aliziinua moja moja dirishani. Nene zilikuwa na mapovu. Aliichagua iliyo nyembamba kuliko zote, akaibeba njia nzima kama anayebeba mtoto aliyelala.

Rangi akaenda kuzitafuta Majengo, kwa Mzee Athumani, muuza viungo. Makopo yake yalikaa sako kwa bako, na Karwirwa akavutwa na hudhurungi moja nzuri ajabu, rangi ya udongo baada ya mvua. Alikuwa tayari ameshalowesha kidole.

"Hiyo wacha, binti yangu," mzee akamwambia. "Hiyo ni ya kupaka katani za vyondo. Utaua harusi. Rangi ya chakula ni hizi za biriani."

Za biriani zilikuwa njano na nyekundu. Karwirwa alizitazama, akatikisa kichwa. "Huyu mtu hakuwa biriani," alisema. Akarudi nyumbani, akachukua kakao, akaunguza sukari kidogo, akachanganya mpaka akapata weusi wa mtu wa Mbeere aliyeshinda juani. Akatoboa ile picha ya studio kwa pini, tundu kando ya tundu, kwenye nyusi, pua na mdomo. Akailaza juu ya ukurasa wa hostia, akapitisha kakao kwa kitambaa. Alipoiinua, Ndambiri alikuwa amejichapa pale, hafifu, kama mtu unayemwona kwenye ukungu wa asubuhi kabla hajakufikia. Sikuwa na mzaha tena.

Ilibaki kitu cha kumgandisha kwenye keki. Desturi ni jamu. Lakini Wambeti alikuwa ameacha kibuyu kidogo cha asali, ya mizinga ambayo Ndambiri mwenyewe aliitundika kwenye migunga na ambayo shemeji zake bado wanairina. "Tumia hii," alikuwa amesema, basi. Karwirwa aliionja. Mchovya asali hachovyi mara moja, nikamwona anarudia na kurudia, amefumba macho. Ikawa asali, akaipaka kwa unyoya wa kuku.

Gauni la Kagure nilikuwa nimelishona mimi, kwa hivyo nilialikwa. Tulishuka Ishiara na pikapu, keki kwenye mapaja ya Karwirwa, na kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda. Asali ikaanza kuinywesha ile karatasi. Karwirwa alichungulia ndani ya boksi akashika mdomo. Kakao ilikuwa imetembea. Ule mdomo uliobanwa wa kwenye kitambulisho ulikuwa umelegea, pembe zimepanda juu.

"Nimemharibu," alininong'oneza, machozi tayari.

Keki iliwekwa mezani chini ya turubai, mbele ya Wambeti na kile kiti kitupu. Kagure aliletwa, akaangalia, akasimama. Wambeti naye aliinuka. Aliuangalia ule uso muda mrefu.

"Akiwa nyumbani," alisema polepole, "alikuwa hivi."

Ndipo nyuki wa kwanza akaja. Akatua kwenye paji la uso. Akaja wa pili, kisha wakaja kama mvua inavyoanza juu ya mabati. Sisi watu wa baridi tungejuaje? Mwezi wa nane kule chini hakuna ua hata moja, nyuki wana njaa, na Karwirwa alikuwa amewaandalia meza. Wakwe waliruka viti. Msema chochote, yule mwongoza sherehe, alitupa kipaza sauti akiitisha moshi.

Kagure hakukimbia. Alisimama na shela lake, na nyuki walipita mkononi mwake wakienda na kurudi, hakuna aliyemuuma. Wakaramba asali, karatasi ikajikunja, na uso ukapungua taratibu, nyusi kwanza, halafu macho, halafu kile kicheko. Hakuna aliyehitaji kumtia kisu. Kagure alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Mami," akamwambia mama yake, "baba amekuja na watu wake."

Nyuki walipokwisha kwenda zao, Kagure aliikata keki iliyobaki, akapiga magoti, akamlisha mama yake. Kipande kingine akakiweka kwenye kile kiti. Nililia mpaka nikaaibika.

Jioni Karwirwa alimfuata Wambeti jikoni. "Mama, ulijua watakuja?"

Wambeti alikuwa anaosha kile kibuyu, hakugeuka.

"Ningekuambia," alisema, "ungeweka jamu."