Namba Ishirini na Mbili

Mke wangu alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilibanwa chini ya ngazi za duka la viatu, mtu mzima hawezi kusimama ndani. Kwake haikuwa tabu. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa mtoto, akatembea kwa chuma cha mguuni na gongo mpaka mwisho. Miaka thelathini alikaa pale, lenzi jichoni, barabara inapita mbele yake. Wateja aliwajua kwa viatu. Akirudi nyumbani ananiambia, leo kaja yule wa soli iliyolika upande, saa yake imekufa tena.

Mimi nilikuwa fundi wa rangi, siku nzima juu ya ngazi. Watu walitutania kwamba katika nyumba ile mmoja anaona vichwa, mwenzake anaona miguu, sasa uso wa mtu wanauonea wapi. Mke wangu aliwajibu kwamba nyuso tunaonyeshana wenyewe na zinatutosha.

Mara moja kwa mwaka tulikwenda kambini. Ni msitu wa serikali. Unalipa dirishani, unapewa namba, unapiga hema. Namba moja iko getini, imesakafiwa, choo kiko hapo hapo. Namba ishirini na mbili iko juu ya kilima, unaliona bwawa lote. Mke wangu hakutaka nyingine. Njia ni ya mawe, kwa hiyo nilimbeba mgongoni. Gongo analishika yeye, ananigusa nalo begani, anauliza punda wake leo kala nini. Nacheka mpaka pumzi inakatika. Tukifika anakaa kwenye mkeka, anatazama watu kule chini kwenye maji.

"Leo nawaona watu kuanzia kichwani," husema.

Pale dirishani palikuwa na nusu bei ya walemavu. Kitambulisho alikuwa nacho, hospitali alikitoa, kambini hakukitoa hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia siku atakapolala nusu usiku ndiyo siku atakayolipa nusu. Nikadhani ni kiburi tu. Na mimi si mtu wa kuuliza mara mbili.

Mwaka mmoja magoti yangu yalianza kuuma. Kazi nazo zilikuwa chache, na ada ya kambi ilikuwa imepanda. Nikamwacha kwenye benchi na mizigo, nikachukua kitambulisho chake mkobani, nikaenda dirishani peke yangu. Karani akanipa fomu. Kusoma nilikuwa sijui. Msomaji wangu alikuwa yeye, na safari hii nilitaka kumfurahisha bila yeye kujua. Nikaweka dole gumba.

Nilirudi na furaha ya mtu aliyeokota kitu. Akaichukua karatasi, akaisoma mpaka chini, akaikunja mara nne.

"Umetuweka namba moja," alisema.

Mstari wa mwisho ndio uliosema hivyo. Anayepata nusu bei atalala namba moja, kwa usalama wake. Yeye aliujua mstari ule miaka yote. Nilirudi dirishani mbio. Karani akasema dole nimeshaweka, na ishirini na mbili imeshachukuliwa na wengine.

Siku tatu tulilala getini. Magari yanapita, watu wanapita na ndoo zao. Hakunigombeza. Siku ya pili, nikimmiminia chai, aliniambia taratibu tu:

"Mume wangu, hapa naona miguu."

Tuliporudi nyumbani alinunua daftari, akaliweka mezani mbele yangu. Nilikuwa na miaka hamsini na minane. Akasema dole langu amelichoka, nitasoma mwenyewe. Kila jioni baada ya chakula alinionyesha herufi kwa kibano chake cha saa. Nikikosea ananifinya nacho sikio. Siku niliyoweza kusoma kibao cha kibandani kwake nilisimama barabarani kama mjinga. Miaka yote nimepita pale, kumbe kinasema, INAMA, FUNDI YUKO CHINI.

Tukakubaliana mwaka unaofuata tupande tena, bei kamili, hata kama tutapumzika kila hatua kumi. Hakuufikia. Alikuwa kazini, lenzi jichoni. Mteja alisubiri muda mrefu, akidhani anaangalia saa.

Mwaka huu nimekwenda peke yangu. Binti yetu hakupenda. Aliniuliza na magoti hayo nitapanda kwa nini. Nikamwambia kwa gongo la mama yako. Akanikunjia mkeka.

Karani wa sasa ni dada mpole. Aliliona gongo, akanisukumia fomu kabla sijasema neno. Nikaisoma, kidole chini ya kila neno. Nyuma yangu watu wakaanza kukohoa, mmoja akasema mzee kapata gazeti. Nikaendelea. Mstari wa mwisho ulikuwepo vile vile.

"Nusu bei ni haki, mwanangu," nilimwambia. "Mwenye gongo kama hili, kufika hapa tu kunamgharimu kuliko wenzake. Mpeni. Lakini nani kawaambia anataka kulala getini? Mwacheni achague."

Akasema si yeye aliyeandika. Nikamwambia najua. Akasema kuna daftari la maoni, ila watu wengi hawaandiki, huondoka tu. Nikaliomba. Niliandika mistari minne, herufi moja moja. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika kitu kisicho cha mazoezi. Mwisho wake nikaweka sahihi, si dole.

Halafu nikalipa bei kamili, nikaomba ishirini na mbili.

Nilianza kupanda saa sita mchana. Nilikaa chini mara tisa. Magoti yaliuma, ila kilichonishinda ni mgongo. Ulikuwa mwepesi. Kwenye kila jiwe kubwa nilijikuta nainama mbele kumweka sawa, na hakuna wa kumweka.

Juu nilikuta nyasi zimeota. Nikatandika mkeka, nikakaa upande wangu, gongo nikalilaza upande wake. Bwawa ni lile lile. Jua lilikuwa bado lipo, watu walikuwa kwenye maji.

Nikamwambia. Kuna mmoja wa kofia nyeupe. Kuna mama kafunga kitambaa chekundu, anamwita mtu. Kuna mzee mwenye upara, nywele zimebaki masikioni tu, ungemcheka huyu. Nikamtajia mmoja mmoja, kuanzia kichwani, mpaka wote wakatoka majini.