Blanketi kwenye Kiti cha Pikipiki

Bi Tausi wa Makanya aliposhuka garini pale sokoni Mamba, mfuko kifuani, Anderson ndiye aliyewahi na bodaboda yake. Kijana akamwamkia kwa adabu, akapangusa kiti kwa kiganja. "Karibu mama, kaa vizuri." Bi Tausi akainua mguu apande, halafu akaushusha.

Kiti kilikuwa kimevalishwa blanketi lake.

Si linalofanana na lake. Lake! Alilifuma kwa mkono miaka mitatu iliyopita, miezi minne mizima katika joto la Makanya, ili mjukuu wake Salama asitetemeke na baridi ya huku milimani. Katikati palikuwa na duara la kijani, upana wa sahani, na nyuzi zile zilitoka kwenye sweta la marehemu mumewe, Salehe. Blanketi la kila mjukuu huanzia hapo, kwa babu, ndipo linazunguka kwenda nje. Hakuwahi kumwambia mtu. Kueleza zawadi, kwake, ni kujisifu.

"Umelitoa wapi hili?"

"Nilipewa na Habibu, mama. Alisema linajaza kabati tu."

Habibu! Mwanawe wa kumzaa! "Livue," alisema Bi Tausi, na Anderson akalivua haraka bila kuuliza. Bi Tausi akalikunja, akalibana kwapani, akapanda kilima kwa miguu yake mwenyewe, huku kijana akimfuata nyuma na pikipiki ya kiti kitupu, akimsihi apande. Hata kumtazama hakumtazama.

Habibu alikuwa uani anaosha tangawizi, mkewe Sumaiya ameketi mlangoni na kichanga cha siku kumi na moja.

"Shikamoo mama!"

Badala ya marahaba, Bi Tausi akalikunjua blanketi. Sumaiya akaacha kumbembeleza mtoto.

"Blanketi la Salama linafanya nini chini ya makalio ya watu?"

Habibu akacheka. Lahaula, akacheka! "Mama nawe! Salama tumemnunulia la dukani, lile la manyoya. Hicho ni kitambaa tu."

Bi Tausi akavuta kigoda, akaketi, akatafuta ncha ya uzi. Akaipata. Akavuta.

Kazi ya kufuma ina ubaya huo: ukilegeza fundo la mwisho, miezi minne inaondoka mbele ya macho yako. Nyekundu ikaisha, nyeupe ikafuata, nyuzi zikarundikana miguuni zikinuka vumbi na petroli. Habibu akaacha kucheka. Likabaki duara la kijani peke yake, na hapo akasogea, mikono inachuruzika maji.

"Mama, hili si sweta la baba? Lile alilokuwa akinifunika nalo tukienda mnadani?"

"Miaka mitatu limo ndani ya nyumba yako. Macho ulikuwa nayo."

Kisha akafungua mfuko, akatoa blanketi la kichanga. Jipya, la manjano, na katikati nyuzi za kijani za mwisho, maana sweta lilikuwa limekwisha. Akaanza kutafuta ncha yake. Habibu akapiga magoti kwenye tope la tangawizi.

"Mama, usilifumue. Nakuomba!"

"Kwani kuna nini? Si kitambaa tu?"

Akavuta. Mzunguko mmoja ukaenda. Angeendelea mpaka katikati kwa Salehe mwenyewe, kama kichanga hakingepiga chafya. Kidogo tu, ya baridi. Bi Tausi akasimamisha mkono.

"Nipe mtoto," alimwambia Sumaiya. Akafunga uzi palepale ulipofika, akamviringisha mjukuu wake mpaka masikioni, akamrudisha kwa mama yake. "Hili nimempa yeye. Wewe Habibu sijakupa kitu."

"Nisamehe, mama."

"Mwenzio pale nje umemwacha na kiti kitupu. Vua shati."

"Mama?"

"Vua!"

Akavua, na baridi yote ile. Bi Tausi akalipeleka mwenyewe nje kwa Anderson, akalitandika kwenye kiti, akafunga mikono ya shati kwa chini, akakaza. Duara la kijani alishalitia kifuani. Habibu alisimama uani kifua wazi akimwangalia mama yake akipanda, akijiweka sawa, akikaa kwa uzito wake wote.

"Twende, mwanangu," alimwambia Anderson.