Mkojo wa Mbuzi Ulivyokula Bolti

Pickup yetu ni mzee. Kazi yake hapa Kisaju ni kuletea ng'ombe wa maziwa maji kutoka kisimani. Wakati wa kiangazi, bila hiyo gari hawanywi. Lakini kila siku ya soko kijana yangu huipeleka Bisil, anarudi imejaa mbuzi. Mbuzi hashikilii mkojo. Unapita katikati ya mbao, unashuka kwa springi, unakaa hapo. Nilimwambia, ukifika mwaga hata ndoo moja huko chini.

"Mum, na hii shida ya maji? Jua itakausha."

Lakini milango alikuwa anapangusa, na ndani anapuliza marashi!

Basi springi ikavunjika. Fundi akaja na boda kutoka Kitengela, akainua gari kwa jeki, akaweka mawe, akatoa gurudumu. Ile bolti inayoshika springi ilikuwa imekuliwa na kutu mpaka hujui inaishia wapi. Akamwagia dizeli, akangoja. Akatia spana, akaongeza bomba refu, akaning'inia. Wapi! Spana ikateleza, kichwa cha bolti kikaisha kona.

"Shosho," akaniambia kutoka chini ya gari, "hii imeshikana kama ndoa ya kitambo."

"Ndoa ya kitambo ilikuwa inapakwa mafuta. Piga kazi."

Akapiga nyundo. Ng'ombe wakasikia chuma kinalia, wakafikiri ni ndoo, wakaanza kulia pia. Hawakuwa wamekunywa tangu jana.

Fundi akatoka, akajipangusa. "Hii ni ya kuchomwa na gesi. Nitakuja nayo kesho."

"Sawa, kesho si mbali," kijana yangu akasema.

Damu ikanipanda. "Si mbali kwa nani? Enda umuulize yule ng'ombe mwenye mimba kama kesho si mbali!"

"Sasa Mum, unataka nifanye nini?"

Nikamwonyesha mkokoteni.

"Mum, hivi viatu ni mpya."

"Vua."

Fundi akacheka. "Boss, weka gia ya kwanza."

Akaenda, amekunja uso. Njia ya kisimani ni mawe matupu. Aliporudi na mitungi, shati ilikuwa imegandana na mgongo. Akainama achote maji ya kunawa uso. Nikamshika mkono.

"Hayo ni ya ng'ombe."

Sikumwonea huruma hata kidogo. Akamwaga, yule mwenye mimba akanywa bila kuinua kichwa, wengine wanamsukuma. Yakaisha.

"Rudi," nikasema.

Alienda na kurudi mpaka jua likazama. Kesho yake gesi ilitoa bolti, lakini raba ya springi ikaungua nayo, ikabidi itafutwe nyingine huko Kitengela, na mkokoteni ukaendelea kufanya kazi.

Gari ilipopona, siku ya soko ikafika, akaja kuomba ufunguo. Nikamwambia mbuzi wako na miguu minne kila mmoja, na yeye ako na miwili. Wafuatane.