Riek Verploegen na Kipande cha Saba cha Tuta

Karatasi inayobandikwa kwenye mlango wa saluni ya Riek Verploegen ina maneno mawili tu: Mto umepanda. Haisemi atarudi lini. Wateja wake wa kijiji cha Ooshuizen hawaulizi. Mama mmoja aliwahi kuondoka na nywele zilizokatwa upande mmoja, akakaa hivyo siku nne, na hakuna aliyemcheka.

Riek ana miaka sitini na mmoja. Kwa miaka ishirini na saba amekuwa mlinzi wa kujitolea wa tuta la mto Waal, kipande cha saba: mita elfu moja na mia nne za udongo uliooteshwa nyasi, mto upande huu, nyumba na mashamba ya matunda upande ule, chini kuliko maji. Siku za kawaida bodi ya maji ina mafundi wake. Mto ukivuka alama ya hatari, meli za mizigo husimamishwa ili mawimbi yake yasile kingo, na watu kama Riek huitwa. Hutembea wawili wawili, mmoja juu ya tuta, mwenzake chini, macho kwenye nyasi. Kila Oktoba bodi huwajaribu kwa kuficha vibao vya plastiki vinavyoigiza nyufa na mavujo. Mwaka mmoja vilifichwa tisa. Riek akaripoti kumi. Cha kumi kilikuwa shimo halisi la fuko.

Mwezi Februari, siku ya tatu ya maji makubwa, saa nne asubuhi, alikuwa akipita chini ya tuta nyuma ya ghala la Gijs Verploegen, mkulima wa mapea na ndugu wa marehemu mumewe. Aliona lundo la udongo mbichi ambalo jana halikuwepo. Hatua tatu kutoka kwenye lundo hilo, maji yalikuwa yakibubujika kutoka ardhini, yamezungukwa na mchanga wa kijivu uliojijenga kama kichuguu.

Gijs alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Shemeji, nani kamwaga huu udongo?"

"Mimi. Jana jioni palikuwa na kijichemchemi, nikakiziba. Usinishukuru."

"Nikushukuru? Umemfungia mwizi mlango, katokea dirishani."

Maji yanayopenya chini ya tuta hayaliangushi. Kinacholiangusha ni mchanga yanaoubeba. Kila konzi inayotoka huacha uwazi, uwazi huo hutambaa kuelekea mtoni, na siku utakapofika, tuta hukaa chini kama mtu aliyeondolewa kiti. Ndiyo maana chemchemi ya namna hiyo haizibwi. Huzungushiwa mifuko ya mchanga, maji yakasimama humo ndani mpaka uzito wake uyasukume nyuma yale yanayotoka.

Riek alichota maji kwa kifuniko cha chupa yake ya chai, akakitua juu ya jiwe. Punde mchanga ukatulia chini, unene wa kidole. Aliita kwa redio; akaambiwa lori la mifuko litafika baada ya saa moja na nusu. Hapo ndipo aliposikia ngurumo ya pampu. Alitazama mtaro wa Gijs. Ulikuwa karibu mkavu.

Hili ni kosa la watu wa huku. Mkono wa mkulima wa Waal huifikia swichi ya pampu kabla ya kichwa chake. Babu zake walipampu, baba yake alipampu, naye amekua akijua kwamba maji yaliyo uani ni adui. Lakini mto ukiwa umejaa, maji ya mtaroni ni mzigo unaoikalia ardhi na kuituliza. Ukiyaondoa, unauvuta mto upite chini.

"Zima pampu, Gijs."

"Nizime? Maji yataingia ghalani! Nina tani arobaini za mapea mle."

"Italowa safu ya chini."

"Safu ya chini unaisema kama yako. Wewe ukinikata nywele unanikata na masikio, leo nikuamini kwa mto?"

"Masikio yako hayakwepeki, shemeji, yako kila mahali. Mchanga je? Niliukosea lini?"

Riek angeweza kuomba bodi imletee amri, nayo ingekuja. Hakuitaja.

"Na ukikosea leo?" Gijs akauliza.

"Nikikosea mimi, umepoteza safu moja ya mapea. Ukikosea wewe, watu mia tisa wanalala mjini kwa jamaa, kama wamewahi kutoka."

Gijs alimwaga kahawa yake, akaingia kibanda cha pampu. Pampu ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Bart, mwenzake Riek aliyekuwa akitembea juu ya tuta siku hiyo, alishuka kumsaidia Gijs kupandisha makreti ya mapea kwa mashine ya kunyanyulia mizigo. Yaliyopanda yalipanda. Mtaro ulipofurika, maji yalipita chini ya mlango wa ghala bila haraka, yakafika kwenye kifundo cha mguu. Lori lilikuja. Watu kumi na wawili waliipanga mifuko duara, Riek akiwazuia kila walipotaka kuinyanyua mno: "Inatosha! Tunataka maji yasimame, si kuyaziba!"

Saa tisa alasiri alichota tena. Hakukuwa na mchanga. Alisimama saa nzima zaidi, akachota mara nne, kwa sababu maji yanaweza kusafika kidogo kisha yakabadili nia. Ndipo alipoita: "Kipande cha saba. Chemchemi moja, imezungushiwa, maji safi."

Gijs alikuja akikokota mabuti yake ndani ya maji.

"Nitawasha lini?"

"Mto ukirudi chini ya alama. Nitakuambia."

"Siku ngapi?"

"Sita."

Alitukana kwa utaratibu, kuanzia mto hadi bodi, Riek akimsubiri amalize. Kisha akaingia kibandani, akarudi na fyuzi ya pampu, akamtia mkononi.

"Kaa nayo wewe," alisema. "Mimi najijua."

Riek aliitia mfukoni, akapanda tuta. Zilikuwa zimebaki mita mia tisa za kukagua.